Unga wa Kupimia Pikipiki

Watu wa Kasikeu wa rika langu wakinikuta sokoni hadi leo huniuliza kama ugali wa kwangu bado unanuka moshi wa ekzosi. Nacheka nao, nitafanya nini. Lakini wakishapita mimi hubaki nimesimama na kikapu changu, nikijiuliza maswali yale yale ya wakati ule, na naenda nyumbani bila jibu. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, hilo kila mtu anajua, na kitu nisichokielewa huniudhi kuliko hata kitu kibaya. Basi mwaka ule niliudhika kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Ulikuwa mwaka wa njaa, ule tuliokula mahindi ya njano ya msaada. Mume wangu alikuwa ameshaacha kazi Mombasa na kurudi nyumbani kabisa. Huko pwani alikuwa fundi katika karakana ya Mzungu mmoja aliyetayarisha pikipiki za mashindano, na alipofunga virago alirudi na pikipiki yake kuukuu pamoja na mashine ndogo ya kusaga mahindi, ile ya sahani za chuma. Injini ya dizeli ya hiyo mashine ilikufa hata kabla hatujaifurahia, ikabaki chini ya mabati nyuma ya nyumba, kuku wakitagia ndani yake. Pikipiki nayo ilikuwa ya barabara ya lami, si ya vumbi letu. Ilikuwa na moja ya zile injini ndogo ambazo oili unaimimina ndani ya petroli zichomeke pamoja, na moshi wake wa bluu ulikuwa unaingia mpaka ndani ya blanketi. Mume wangu aliipenda namna ambayo mimi sijawahi kupendwa, na hilo nilimwambia.

Sasa nieleze kuhusu kaka yake, maana bila yeye haya mengine yote ni upuzi wa mtu na chuma chake.

Kaka yake mkubwa alibaki Ikutha, kwenye boma la baba yao. Mama yao alipofariki, mume wangu bado alikuwa Mombasa. Alipopata habari alipanda hiyo pikipiki akaiendesha bila huruma ili awahi mazishi. Ilipita Kibwezi vizuri, ikaanza kuteremka kuelekea Mto Athi, halafu injini ikanoki. Pistoni ilishika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likajifunga likaburuta, na yeye akabaki katikati ya vumbi na mkoba wake. Mimi nilikuwa nimetangulia kwa basi kutoka huku Kasikeu. Nilimwona akiingia bomani akiisukuma, nguo zake zote oili, na watu walikuwa tayari wananawa mikono. Kaburi lilikuwa limeshafunikwa. Kaka yake alikuwa bado ameshika koleo. Hakumsalimia. Alimwambia mbele ya watu wote, "Hapa kwangu usikanyage tena mpaka hiyo takataka yako ijifunze kutembea."

Hayo ni maneno ya mtu aliyefiwa. Mimi nilishaambiwa mabaya zaidi na mama mkwe huyo huyo tuliyemzika, na jioni yake tukala chungu kimoja. Lakini mume wangu aliyachukua maneno ya kaka yake yalivyo, moja moja, kama mtu aliyepewa kazi na mdosi. Nilimwambia, "Baba Watoto, hiyo ilikuwa hasira." Akaniambia, "Alisema mpaka ijifunze." Miaka ikapita hakukanyaga Ikutha. Alifungua ile injini akabadilisha pistoni na ringi, akaifunga, ikawa inatembea, inaenda Sultan Hamud na kurudi bila shida. Kwake hiyo haikuwa kutembea.

Basi mwaka huo wa njaa wachuuzi wa mbuzi kutoka upande wa Ikutha walipita kwetu wakienda na mifugo yao iliyokonda. Wakamwambia mume wangu kwamba kaka yake hainuki tena kitandani, na kwamba kama kuna mtu wa kumwona basi amwone sasa. Mume wangu aliwashukuru, akawapa maji. Halafu akaenda kuchukua spana zake. Mimi nikafurahi. Nikajua anatayarisha safari ya kesho, hata nikawasha pasi ya makaa nikapiga nguo yangu ya kanisa.

Kesho yake nikamkuta anachimba shimo nyuma ya nyumba.

"Unazika nani?" nikamuuliza.

"Nataka kujua nguvu yake kwanza," akasema. "Sitaki initoroke njiani tena."

Ndipo akanieleza kuhusu daino. Kule karakanani Mombasa, alisema, walikuwa na mashine ambayo pikipiki hupandishwa juu yake, gurudumu la nyuma likakaa kwenye pipa la chuma linalozunguka, na fundi akavuta mafuta mpaka mwisho bila pikipiki kwenda popote. Sindano ikaonyesha nguvu yote iliyoko. Barabarani pikipiki inaweza kukudanganya, kwa sababu kuna mteremko, kuna upepo, kuna moyo wako mwenyewe unaotaka iende. Kwa daino haidanganyi.

"Na sindano utatoa wapi hapa Kasikeu?"

"Nina mashine ya kusaga," akasema, na akarudi kuchimba.

Nilidhani jua limempiga. Lakini mikono alikuwa nayo, hilo siwezi kumnyima. Alipata ngoma ya breki ya lori bovu, akaifunga kwenye shafti, akaiweka kwenye lile shimo ili gurudumu la nyuma la pikipiki likae juu yake. Kutoka kwa shafti akavuta mkanda mpaka kwenye mashine ya kusaga. Gurudumu la mbele akalifunga kwa kamba kwenye nguzo za ghala letu, ghala ambalo mwaka huo halikuwa na kitu. Akiwasha injini na kutia gia, gurudumu linazungusha ngoma, ngoma inazungusha mkanda, mkanda unazungusha sahani, na mahindi yanasagika. Skrubu ya kukaza sahani aliifunga kwa waya asiiguse mtu. Kwa hivyo, alisema, kitu kinachobadilika hapa ni nguvu ya injini peke yake. Ikiwa na nguvu unga utakuwa laini, ikichoka unga utakuwa na chenga. Unga ndio ungekuwa sindano yake.

Siku ya kwanza alisaga mahindi yetu. Siku ya pili nikakaa juu ya gunia nikamwambia kama anataka kusaga asage kiti. Huo ulikuwa mwaka ambao mtu alihesabu hata punje zilizodondoka. Akanisikiliza, maana hakuwa mtu wa kugombana, akatangaza kwa majirani kwamba mwenye mahindi alete, atasagiwa bure. Posho mill ya sokoni ilikuwa haina dizeli kwa wiki nzima wakati mwingine, na wanawake walikuwa wanatwanga kwa kinu mpaka mikono inatoka malengelenge. Asubuhi iliyofuata nilifungua mlango nikakuta foleni ya karai na debe imefika mpaka kwenye choo.

Mbele ya foleni alikuwa bibi mmoja mjane wa ng'ambo ya mto. Huyo bibi alisifika kwa vidole vyake. Ukimpa unga aliufinya kati ya kidole gumba na cha shahada, akafumba macho, akakuambia mahindi yalivunwa lini na yalianikwa juu ya nini. Mume wangu alimwita mwaitu, mama yangu, kama tunavyowaita wanawake wa umri huo, na akamfanya yeye ndiye wa kusoma daino yake. Injini inanguruma, moshi unatujaa sote, wanawake wawili wanaipepea silinda kwa uteo kwa sababu pikipiki iliyosimama haipati upepo, na yule bibi amechuchumaa pale unga unapotoka, mkono umekinga.

"Mwaitu, vipi?"

Bibi anafinya, anafumba macho. "Bado, mwanangu. Bado iko na chenga."

Basi mume wangu anazima, anafungua kabureta. Kuna kitu kidogo ndani kinaitwa jeti, ni tundu la kupitishia petroli, na yeye alikuwa na kikopo kizima cha jeti kutoka Mombasa. Anatoa hii, anatia ile. Anafungua plagi anaiangalia ncha yake. Ikiwa nyeusi imelowa, petroli imezidi. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli imepungua na injini itachemka mpaka inoki, ndicho kilichompata kule njiani siku ya mazishi. Inatakiwa kuwa ya kahawia, rangi ya chai. Haya nilijifunza bila kutaka. Nilikuwa nikienda kuchota maji nayafikiria mambo ya plagi, nikijikuta najilaani.

Asubuhi kukiwa na baridi injini inalia vizuri, bibi anasema kuna afadhali. Saa sita jua likiwa kali inalia vile vile, bibi anasema imerudi nyuma. Kesho jeti ile ile, hewa ile ile, bibi anasema leo hata jana ilikuwa bora. Mume wangu anakuna kichwa. Anasogeza taimingi, yaani wakati wa cheche kuruka, kidogo mbele, kidogo nyuma. Anabadilisha kipimo cha oili kwenye petroli. Anakata kipande cha ekzosi, halafu baada ya siku chache anakichomelea tena pale pale alipokikata. Nilimuuliza kama huenda ni mahindi, kwamba haya ya njano ni magumu kama changarawe na yale meupe machache ya watu ni laini. Akasema analinganisha ya njano kwa ya njano. Nikamuuliza basi ni nini. Akasema ndiyo anatafuta.

Na kaka yake yuko Ikutha, hainuki. Kila jioni nilimuuliza, "Kesho tunaenda?" Kila jioni akaniambia, "Ikisaga vizuri." Mimi nikilala nilikuwa nawaza yule mtu amelala kule kwenye boma la baba yao, na huyu wangu hapa anahangaika na tundu la sindano. Nilikuwa nampenda shemeji yangu, niseme ukweli. Ndiye aliyenipokea nilipoolewa, akanichinjia mbuzi ambaye hata hakuwa wa ziada. Nikifikiria atafunikwa bila ndugu yake kumwona, na itakuwa mara ya pili baada ya ile ya mama yao, niliondoka kitandani nikaenda kukaa nje.

Kitu cha kwanza kunichanganya kabisa kilikuwa chungu changu mwenyewe. Siku moja nilisonga ngima, ugali wetu, kwa unga uliotoka kwa ile mashine, sehemu ndogo ambayo mama mmoja aliniachia kama shukrani. Ilinuka moshi, kweli, watoto walikunja pua. Lakini ilikuwa laini. Niliisonga nikaikata, nikaangalia pale ilipokatwa, hakuna chenga. Nikachukua unga mbichi nikafinya kwa vidole vyangu. Laini, kama wa pakiti. Na huo ndio unga ambao asubuhi ile ile bibi alifumba macho akasema bado.

Nikadhani ni vidole vyangu. Mimi nimefua na kulima tangu utoto, labda ngozi imekufa. Nikampa binti yangu afinye, akasema ni laini. Nikachukua kidogo kwenye kitambaa nikaenda nacho mtoni, mahali tulipochimba mchanga kutafuta maji, nikamngoja yule bibi. Alipofika na mtungi wake nikamwekea unga mkononi bila kumsalimia vizuri, hasira ilikuwa imeshanipanda.

"Mwaitu, huu unga una chenga?"

Akaufinya. Hata hakufumba macho. "Huu ni unga mzuri," akasema.

"Ndio ule wa asubuhi."

Akakaa chini kwenye mchanga, akanyoosha miguu. Hakuona haya hata kidogo. "Mwanangu," akasema, "hiyo pikipiki ikiondoka sisi tutasaga wapi? Angalia mikono ya hawa wasichana. Na hata petroli ni yeye anatia mwenyewe. Nikisema imekuwa sawa, kesho anapanda anaenda zake. Kwani kuna haraka gani?"

"Kaka yake anakufa."

Akaniuliza ni kaka yupi. Nikamweleza yote, mazishi na maneno ya koleo, na yeye akawa anatikisa kichwa, maana kule ng'ambo hakuna aliyejua. Watu walijua tu kwamba fundi ana kichaa cha pikipiki. "Hakutuambia," akasema. "Angetuambia." Na kweli, kama angewaambia, ningekuwa nimekasirika na nani? Walikuwa na njaa, mashine imetoka mbinguni, na mwenye mashine anawauliza kila siku kama aendelee.

Nilirudi nyumbani nikikimbia, kitambaa mkononi. Nilimkuta ameketi kwenye jiwe karibu na daino yake, anasugua plagi kwa msasa. Nikamwagia yote. Kwamba bibi amekuwa akimdanganya, kwamba wote wanajua, kwamba unga umekuwa laini siku nyingi na pikipiki yake haina ugonjwa wowote. Nilitegemea atasimama. Nilitegemea atakasirika, ndipo nami nipate mwenzangu wa kukasirika naye.

Aliendelea kusugua. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Mimi ni fundi, Mama Watoto. Injini nikiisikia naijua. Imekuwa sawa kitambo."

Sijui kama umewahi kumwangalia mtu uliyezaa naye ukaona humjui. Nilitaka kumpiga na mtungi wa maji uliokuwa karibu. Nikamuuliza kama anajua, basi jeti ni za nini, taimingi ni ya nini, ekzosi aliikata ya nini. Akasema mwanzoni alikuwa anatafuta kweli. Halafu siku moja injini ikalia vile alivyotaka ilie, plagi ikatoka ya kahawia safi, akamgeukia bibi akijua ataambiwa sasa nenda. Bibi akasema bado.

"Nikasikia nimepumzika," akasema. "Mwili wote."

"Umepumzika na nini?"

Mume wangu hakuwa mtu wa maneno mengi na haya aliyatoa polepole, akikiangalia kile kikopo chake cha jeti. "Ikiharibika njiani, nina la kusema. Nitasema ni pikipiki. Ikifika salama, nitaingia pale nimsimamie mbele. Nitamwambia nini?"

"Utamwambia umekuja."

"Halafu akinifukuza?"

Nilimwonea huruma na nilimchukia, kwa pamoja, na mpaka sasa sijui ni kipi kilizidi. Nikaingia jikoni nikalia kwa hasira. Asubuhi foleni ikaja kama kawaida, na yeye akawasha, na bibi akachuchumaa pale pale. Safari hii hakuulizwa kitu na hakusema kitu. Aliangalia tu unga ukitoka. Mume wangu alizima akafungua kabureta bila mtu kumwambia afungue. Wanawake wakaangaliana. Sasa hata wao walikuwa wamechanganyikiwa.

Ikawa hivyo kwa siku kadhaa. Nikimwambia twende kwa basi, anasema atakwenda kwa pikipiki. Nikimwambia basi twende kwa pikipiki, anasema bado kidogo. Nikajaribu kunyamaza, nikashindwa. Halafu wale wachuuzi wa mbuzi wakapita tena, wakitoka Ikutha na kundi jingine, na mmoja wao akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, kwamba shemeji sasa hata uji anaukataa.

Asubuhi yake nilivaa ile nguo ya kanisa. Nikafunga kitambaa kichwani, nikatia nguo na chupa ya chai kwenye kiondo, nikampa binti yangu maagizo ya nyumba. Nikatoka nyuma ya nyumba ambako foleni ilikuwa imeshajipanga na pikipiki imefungwa kwa kamba juu ya shimo lake. Nikapanda. Nikaketi kwenye kiti cha nyuma, kiondo mapajani, nikakunja mikono.

Mume wangu akaja na debe la kwanza. "Mama, shuka tusage."

"Leo hakuna kusaga. Leo tunaenda Ikutha."

Akaangalia foleni, akaniangalia mimi. Nadhani alitegemea wale wanawake wamtetee, maana walikuwa wamekuja na mahindi yao na jua lilikuwa linapanda. Yule bibi alitoka mbele, akachukua debe lake akalitia kichwani. "Mwanangu, unga ni laini," akasema. "Umekuwa laini siku zote. Mimi nilikosa. Enda." Akageuka akaenda, na wengine mmoja mmoja wakachukua karai zao wakamfuata, na hakuna aliyecheka. Mume wangu ndiye aliyebaki amesimama peke yake na spana mkononi. Alifungua kamba kwenye nguzo za ghala taratibu sana, kama mtu anayefungua ng'ombe wa kuuzwa.

Tulishika barabara ya Mombasa, tukapita Emali, tukapita Makindu. Injini ililia sauti moja tu njia nzima. Mimi sijui mambo ya injini lakini hata mimi nilisikia kwamba hakuna mahali inakwama. Yeye ndiye aliyekwama. Alisimama kila baada ya muda, akafungua plagi, akaiangalia, akaifunga. Nikamuuliza ni rangi gani. "Kahawia," akasema, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa habari mbaya. Tulipoacha lami Kibwezi na kuanza vumbi, alipunguza mwendo mpaka watoto wa mbuzi walikuwa wanatupita. Kwenye ule mteremko wa kuelekea Athi akasimama kabisa, akazima. Nilijua ni hapo iliponoki siku ya mazishi, ingawa hakusema. Alikaa juu yake akiangalia mchanga. Halafu akapiga kiki, na nafikiri alikuwa anaomba isiwake. Iliwaka kwa kiki ya kwanza. Sijawahi kuona mwanaume akihuzunishwa na injini inayowaka. Nilimshika mgongoni, nguo yake ilikuwa imelowa jasho, nikamwambia twende. Tukavuka Athi.

Tulifika bomani jua likiwa bado juu. Kitanda cha shemeji kilikuwa kimetolewa nje, upande wa nyumba wenye kivuli, kimegeuzwa kutazama barabara. Alikuwa amekonda mpaka nikamtambua kwa masikio tu. Mkewe alinikumbatia. Mume wangu aliegemeza pikipiki, akasogea akiwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili, akasimama mbele ya kitanda.

Shemeji alimwangalia kuanzia viatu mpaka kichwa. Akaangalia ile oili kwenye mikono yake.

"Wewe ni fundi?" akauliza.

"Ndiyo," akasema. "Ni mimi. Nimekuja."

"Umekuja vizuri. Kaa hapa." Akapapasa ukingo wa kitanda. Sauti ilikuwa ndogo lakini ilikuwa na furaha. "Ndugu yangu mdogo yuko njiani na pikipiki. Huwa inamsumbua. Akifika utamwangalizia."

Niligeuka kumtazama mkewe. Akaninong'oneza kwamba hivyo ndivyo anavyosema kila siku, tangu kichwa chake kilipoanza kumpotea, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyetaka kitanda kitazame barabara. Nikamtazama mume wangu. Nilidhani atamwambia tena ni mimi, mdogo wako, nitazame. Aliketi pale alipoonyeshwa.

"Atafika leo?" akauliza.

"Leo. Ameshapita Kibwezi." Shemeji akainua mkono, akauweka juu ya goti la mume wangu ili amsikilize vizuri. "Hawa wazee wanataka kumfunika mama, wanasema jua linazama. Nimekataa. Nimewaambia koleo nimeshika mimi, na hakuna mtu atatia udongo hapo mpaka yeye afike."